Barazani kwa Katekista: Njia ya Noeli Humfundisha Mtoto Kusafiri

  

Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya safari ya Noeli. Kila mwaka ifikapo Novemba, shauri moja hurudi katika nyumba nyingi za watu wetu wakaao mbali na kwao. Watoto wakiisha kulala, baba na mama huketi na kuhesabu fedha. Nauli ya watu sita kwenda ni kiasi hiki, na kurudi ni kiasi hiki. Januari nayo yaja, pamoja na sare za shule, madaftari na kodi ya nyumba. Ndipo mmoja husema, "Mwaka huu tusiende. Tumpelekee bibi fedha kwa simu, naye ataelewa." Mwenziwe hunyamaza, maana hana la kujibu, hesabu ni hesabu.

Simlaumu asemaye hivyo, kwa kuwa mzazi mwenye akili hupima mfuko wake. Lakini nadhani katika hesabu ile liko jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa kuandikwa, nalo ni lile apatalo mtoto njiani. Twamhesabu mtoto kuwa ni kiti kimoja cha basi, au nusu ya kiti akipakatwa. Hatuhesabu yale anayoyaona dirishani, wala yale yatakayomfuata hata awe mtu mzima.

Desturi ya kwenda na watoto katika safari ya sikukuu si mpya. Katika Injili ya Luka, sura ya pili, twasoma kwamba wazazi wa Yesu walikuwa na desturi ya kupanda kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, naye alipokuwa na umri wa miaka 12 alikwenda pamoja nao. Kutoka Nazareti hata Yerusalemu ni zaidi ya kilometa 100, na kwa miguu ni safari ya siku kadhaa. Tena angalieni jambo hili: waliporudi, walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani kijana yumo katika msafara pamoja na jamaa na marafiki. Mama wa siku hizi hushangaa, akauliza mama gani hukosa kumwona mwanawe kutwa nzima. Lakini hiyo yatuonyesha jinsi safari zile zilivyokuwa. Kijiji kilikwenda pamoja, shangazi na wajomba na majirani, na mtoto alikuwa mtoto wa wote. Sisemi kwamba desturi hiyo ndiyo iliyomfanya Bwana wetu azunguke baadaye Galilaya na Samaria na Yudea. Nasema tu kwamba alilelewa katika nyumba isiyoogopa njia.

Sasa tuje kwetu. Watu wa Kilimanjaro wanajulikana katika Tanzania yote kwa desturi yao ya kurudi nyumbani mwezi wa Desemba. Watu wengine huwatania, wakisema kwamba Dar es Salaam hubaki na nafasi ya kupita barabarani, na kwamba maduka mengi ya Kariakoo hufungwa. Utani haukosi chumvi, lakini jambo lenyewe ni kweli. Mabasi hujaa, na katika siku hizo mamlaka ya usafiri huruhusu mabasi ya ziada yaende kaskazini. Si Wachaga peke yao. Katika basi lilo hilo wamo Wasambaa watakaoshuka Mombo na kupanda Lushoto, na Wapare watakaoshuka Same na Mwanga.

Kwa nini Desemba? Kwanza, shule zimefungwa, maana mwaka wa shule wa Tanzania huanza Januari, na likizo ndefu huangukia mwisho wa mwaka. Pili, waajiriwa wengi huomba ruhusa wakati huo. Tatu, na hili ndilo kubwa, mambo ya ukoo yamewekewa mwezi huo. Ndoa hufungwa, watoto hubatizwa, mipaka ya vihamba huzungumzwa, waliogombana husuluhishwa, na makaburi ya wazee, ambayo kwa desturi yamo kihambani penyewe, husafishwa. Asiyefika Desemba hukosa mambo mengi ambayo hayaelezeki kwa simu.

Basi tumfuate mtoto mmoja njiani. Ana umri wa miaka saba, amekaa karibu na dirisha, na basi limetoka Dar es Salaam alfajiri. Mbele yake ziko kilometa zipatazo 550. Wapita Kibaha, wakafika Chalinze, mahali njia zinapogawanyika: moja kwenda Morogoro, na hii ya kwao kwenda kaskazini. Mtoto auliza, "Wale wanaokwenda kule wanakwenda wapi?" Hilo ni swali la kwanza la msafiri. Wavuka Mto Wami. Wafika Segera, ambako njia ya Tanga huachana na yao, naye auliza swali lile lile tena. Korogwe wavuka Mto Pangani, na mashamba ya mkonge yaonekana, mistari iliyonyoka hata jicho linachoka. Baba mwenye maarifa aweza kumwambia hapo kwamba mkonge huo si mti wa nchi hii. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Dkt. Richard Hindorf, ukitoka Florida katika Marekani, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 nchi nzima ilipata zao. Mtoto husahau namba nyingi za darasani; hiyo ya dirishani haisahau.

Toka Mombo milima huandamana nao upande wa kuume, kwanza Usambara, kisha Upare. Upande wa kushoto ni nyika kavu na miiba. Mtoto aona kwa macho yake kwamba mvua hukaa milimani na jua hukaa tambarare, hata watu wa juu wakalima migomba na wa chini wakachunga mbuzi. Mwalimu atamfundisha jambo hilo miaka mitano baadaye, naye atasema moyoni, "Hili nalijua." Wapita Hedaru na Makanya, wapita Same, wakafika Mwanga. Hapo, mawingu yakikubali, mtu mmoja garini huinua kidole, na watu wazima waliokuwa wakisinzia huamka kama watoto. Kibo kinaonekana.

Kibo kina urefu wa mita 5,895 juu ya bahari, nacho kina theluji, ijapokuwa Ikweta iko karibu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alikiona, akaandika habari zake kwenda Ulaya. Mabwana wengine wenye elimu, waliokaa na vitabu vyao London, walikataa kabisa. Walisema theluji haiwezi kukaa chini ya jua la Afrika, na kwamba huyo aliona mawe meupe au alidanganyika macho. Miaka ikapita, wengine wakaja wakaona, nao wale wa vitabu wakanyamaza. Mimi hupenda kuwasimulia watoto habari hiyo, kwa sababu wao wenyewe, wakiwa na miaka saba na mavumbi usoni, wamekwisha kuona lile ambalo wenye elimu walilikataa. Kutembea kwingi ni kuona mengi, na aliyeona hana haja ya kubishana sana.

Wazee wetu walisafiri njia hiyo kwa namna nyingine. Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Lakini haikuungana na reli ya kati ya Dar es Salaam mpaka mwaka 1963, ilipojengwa njia ya kutoka Ruvu hata Mruazi. Katika miaka ya 1990 gari la moshi la abiria liliacha kwenda Moshi, likarudi tena Desemba 2019, kwa wakati wa sikukuu, na watu wengi wazima walipanda kwa furaha ili wawaonyeshe watoto wao yale waliyoyaona wao walipokuwa wadogo.

Mimi nimo katika watu hao walioijua reli utotoni. Baba yangu alifanya kazi katika shamba la mkonge huko Tanga, na kila Desemba tulipanda gari la moshi. Alikuwa na desturi moja: kila stesheni alinituma dirishani nisome jina lililoandikwa kwenye kibao, nimrudishie. Muheza, Korogwe, Mombo, Mkomazi, Same, Kahe. Sikujua kwamba nilikuwa nikijifunza kusoma. Nilidhani namsaidia baba asipotee. Nilipokuwa mtu mzima na kutumwa kufundisha dini katika nchi ya mbali ambako sikumjua mtu, wenzangu walihofu, nami sikuhofu sana. Niliisoma njia kwa majina, kibao kwa kibao, kama nilivyofundishwa.

Bibi yangu mzaa baba nilimwona mara tisa tu katika maisha yangu, na mara zote tisa ilikuwa Desemba. Ndiye aliyenisimulia jinsi Mawenzi alivyozoea kuuacha moto wake uzimike, akaenda kwa Kibo kuomba makaa, akapewa na ndizi kavu juu yake. Akaenda mara ya pili, akaenda na mara ya tatu, hata Kibo akachoka, akampiga kwa mchi, na ndiyo sababu kichwa cha Mawenzi kimechongoka vile hata leo. Alinisimulia tukiwa tumesimama kihambani, akinionyesha milima yenyewe kwa mkono. Kama wazazi wangu wangekata shauri la kumpelekea fedha tu, fedha ile ingalikwisha zamani, wala nisingalikuwa na sauti yake.

Watu husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nendeni mkaangalie jambo hilo vijijini katika juma la Noeli. Nyumba zilizofungwa miezi kumi na mmoja hufunguliwa madirisha. Mzee aliyekuwa hatoki kitandani huomba apelekwe uani akaone nani amekuja. Mtori hupikwa katika sufuria kubwa, mbuzi huchinjwa, na nyama hugawanywa kwa utaratibu wa wazee, kila mtu na fungu lake kwa cheo chake katika ukoo. Mtoto wa mjini apewapo fungu lake hujifunza kwamba ana mahali katika hesabu ya watu wale, hata kama jana hawakuijua sura yake.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, upendo wa kusafiri hupata mizizi mizuri. Kuna mtu apendaye kusafiri kwa kuwa hatulii. Huyo kila mahali huona pamemchosha, huondoka bila kuaga na hufika bila kusalimu. Na kuna mtu apendaye kusafiri kwa sababu tangu utoto alijua ya kwamba mwisho wa njia yuko mtu anayemngoja. Huyu wa pili akienda Kigoma, Mombasa au Ulaya, huuliza kwanza habari za wenyeji, hujifunza salamu zao, hula chakula chao. Njia ya Noeli ilimzoeza: kila mwaka alishuka garini mahali ambapo lugha ni nyingine, baridi ni nyingine, na kitanda ni kingine, akapokewa. Kwa hiyo haogopi ugeni. Tena amezoea kurudi, na msafiri asiyejua kurudi ni mpotevu.

Namjua binti mmoja, jina lake nalihifadhi, aliyekua katika chumba kimoja mjini pamoja na ndugu wanne. Wazazi wake hawakuweza kwenda nyumbani kila mwaka. Walikwenda mwaka mmoja, wakapumzika mmoja. Mwaka wa kukaa, mama yake alikuwa akiwaketisha watoto mkesha wa Noeli na kuwaambia, "Sasa basi limefika Segera. Sasa tunakula Korogwe. Nani atauona mlima kwanza?" Wakasafiri hivyo chumbani hata wakalala. Leo binti huyo ni muuguzi, amekwisha kufanya kazi katika mikoa minne, na wenzake humshangaa kwamba kila anakopelekwa huomba kwanza kuzijua njia za vijijini. Nilipomwuliza alipata wapi moyo huo, alinijibu kwamba ni kwa mama yake, katika chumba kile.

Nawaandikia haya ili msidhani kwamba jambo hili ni la wenye fedha. Nayo sasa maneno machache ya shauri.

Kwanza, usikope ili uonekane. Yuko baba akodiye gari kubwa, akafika kijijini na kishindo, akanunulia watu wote vinywaji, na Januari mwanawe akafukuzwa shule kwa kukosa mchango. Mtoto huyo amefundishwa nini kwa safari hiyo? Amejifunza kwamba nyumbani ni mahali pa kujionyesha. Afadhali kufika kwa basi na kilo mbili za sukari na kanga moja ya bibi.

Pili, kama fedha haitoshi watu wote, wapelekeni watoto kwa zamu. Mwaka huu mkubwa afuatane na shangazi yake, mwaka ujao wa pili. Au nendeni likizo ya Juni, nauli zikiwa hazina msukosuko. Bibi hatakataa wajukuu kwa sababu si Desemba.

Tatu, lindeni uhai. Kuanzia Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya kuzuiwa kwa miaka mingi kwa sababu ya ajali. Ruhusa hiyo si amri. Mwenye watoto na asafiri mchana, apate usingizi wake, na watoto waione nchi. Katieni tiketi mapema, msije mkasukumwa kupanda gari bovu siku ya mwisho. Na dereva akikimbiza gari kupita kiasi, semeni, tena semeni kwa sauti. Abiria mmoja akisema huitwa mwoga. Abiria kumi wakisema dereva hupunguza mwendo.

Nne, mpeni mtoto kazi njiani. Msimpe simu achezee toka Kibaha hata Himo. Mwambieni ahesabu mito, asome majina ya vibao, aulize jirani anakwenda wapi na kwa nani. Asiyejua kusoma na ahesabu milima. Na msichoke kumjibu. Mzazi asemaye "Nyamaza, lala" kwa kila swali, asishangae mtoto akifika bila hamu ya kitu.

Tano, mkifika, tembeeni. Wageni hutoka Ulaya na Marekani kuja kuutazama mlima huu. Hifadhi ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1987 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini wako vijana wetu waliozaliwa chini yake ambao hawajafika hata lango la Marangu. Wapelekeni watoto kwenye maporomoko ya maji na sokoni, na mwaonyeshe mifereji ya kale iliyochimbwa na wazee kuleta maji vihambani. Wapelekeni Kilema, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walipanda kahawa mwishoni mwa karne ya 19. Waonyesheni isale mpakani, mwaeleze kwamba kwa wazee wetu jani hilo hupelekwa kwa mtu uliyemkosea, ili kumwomba radhi. Mtoto aonaye jani hilo likipokewa mikononi mwa babu yake amefundishwa toba kuliko nilivyoweza mimi kumfundisha katika darasa la Komunyo.

Mwisho, mkirudi, mtoto na amwandikie bibi barua, japo mistari mitatu, aseme walifika salama na ni kitu gani alichokipenda. Bibi asiyejua kusoma atatafuta wa kumsomea, na barua hiyo itasomwa mara nyingi kabla ya Pasaka. Mtoto naye atakuwa ameanza kungoja Desemba nyingine.

Haya, ndugu zangu, shauri ni lenu na mfuko ni wenu. Ila usiku huo mkihesabu nauli, hesabuni pia miaka ya wazee waliobaki. Wapo watakaosafiri, wapo watakaokaa. Wote nawatakia Noeli njema, na walio njiani wafike salama.

Ndimi Katekista wenu.